Kompyuta iligoma kuwaka, nyumba nzima ikalaumu umeme

Kuna kompyuta zinazotoka dukani zikiwa kamili, na kuna zile ambazo kijana huziunga mwenyewe kipande kwa kipande: kasha mwezi huu, mazabodi mwezi ujao, RAM akipata hela ya sikukuu. Mzazi mwenye mtoto wa sekondari anayependa mambo haya anazijua. Zina kioo ubavuni na taa za rangi ndani, na mwenye nayo hataki mtu aweke kikombe cha chai karibu.

Ya familia moja ya Tabata, Dar es Salaam, ilichukua miezi 11 kukamilika. Mwenye nayo ni kijana wa miaka 16, kidato cha tatu. Kasha na mazabodi aliletewa na mjomba wake anayefanya kazi Mwanza, mtumba wa ofisi iliyokuwa inabadilisha vifaa. Kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha kwenye skrini, aliuziwa na rafiki yake. Baba, mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitoa Sh200,000 za prosesa baada ya kuombwa kwa wiki tatu, na akazitoa pamoja na onyo: "Siku hiki kitu kikiharibika kwa michezo yako, nakiuza kwa kilo kama chuma chakavu." Alisema huku anacheka. Kijana aliyabeba maneno, kicheko akakiacha palepale mezani.

Na ilipowaka kwa mara ya kwanza, baba huyohuyo aliita majirani wawili waje waione.

Mama naye akaipatia kazi. Yeye ni katibu wa kikoba cha wanawake 28 wa mtaani kwao. Daftari la karatasi lilijaa mwezi Juni. Tangu hapo mikopo, marejesho, riba na faini za wachelewaji vikawa vinaingia kwenye kompyuta. Kila mwanachama ana kitabu chake cha hisa, lakini nani anadaiwa kiasi gani lilijulikana sehemu moja tu. Kikoba kilikuwa kivunjwe Jumapili ya pili ya Desemba. Jumanne ya wiki hiyohiyo, kompyuta ikagoma.

Iligoma hivi. Inawaka vizuri, feni zinazunguka, nembo ya Windows inatokea, vile vidoa vidogo vinazunguka duara, halafu skrini nzima inageuka bluu yenye maandishi meupe, inajizima na kujiwasha tena. Nembo, vidoa, bluu. Nembo, vidoa, bluu. Binti mdogo wa nyumba hiyo, miaka tisa, akawa anahesabu kwa sauti mpaka akaambiwa anyamaze.

Jumatatu yake jioni umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara mbili. Basi jibu likapatikana bila kutafutwa. "Ni umeme huo," baba akasema. Mama akakubali. Jirani aliyekuja kuazima ngazi akakubali pia. Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Inawezekana."

Jumatano baba alipotoka kazini alipitia Kariakoo akanunua pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme kwa vipande vyote. Sh85,000, na fedha hizo zilikuwa zimetengwa kwa viatu na sare za binti za Januari. Aliipakata kwenye daladala kama mtoto mchanga. Kijana akaifunga mwenyewe, bisibisi ikimteleza mara mbili, jambo ambalo si la kawaida yake. Wakawasha. Nembo, vidoa, bluu.

Baba hakusema kitu. Alichukua boksi tupu la pawa saplai akalikunja taratibu, akaenda kulala mapema. Kijana hakula usiku ule. Alipoulizwa alisema ni tumbo.

Alhamisi asubuhi akaitwa fundi wa mtaani. Aliitazama kompyuta kwa muda usiozidi dakika tano. "Hii tunapiga Windows tu, mama. Elfu ishirini, ndani ya saa moja imekwisha."

Kupiga Windows maana yake ni kufuta mfumo wote na kuupandikiza upya. Mafundi wengi huanzia hapo, na si kwa ubaya: kazi inajulikana ilipoanzia na itakapoishia, mteja anaona matokeo, na fundi hahitaji kuchunguza ugonjwa. Ni sawa na kubomoa jiko kwa sababu bomba linavuja. Litaacha kuvuja, hilo halina ubishi.

"Na mafaili yangu?" mama akauliza.

Fundi akajikuna kichwa. "Unayaweka wapi?"

"Hapo mbele. Yanapoonekana ukiwasha."

"Hayo yanaondoka, mama. Huna kopi kwenye flashi?"

Hakuwa nayo. Akamlipa fundi elfu tano ya usumbufu, akamwomba asubiri kwanza, akampigia mdogo wake wa Mwanza.

Mdogo wake huyo ndiye mwangalizi wa kompyuta za ofisi moja kule. Akaamkia, akaitikiwa, kisha akauliza swali ambalo tangu Jumanne hakuna aliyeliuliza ndani ya nyumba ile: "Dada, kabla haijaanza kuzima, mlibadilisha nini?"

"Hatujabadilisha kitu. Umeme ulikatika."

"Umeme ukiunguza kipande, mara nyingi kompyuta haiwaki kabisa, au inazima ovyo ovyo, leo hapa kesho pale. Hii yenu inafika palepale kila siku, nembo ikishatokea. Inayokwama sehemu moja kila mara, mimi huwa naanza kushuku programu. Ile skrini ya bluu imeandika nini chini?"

Mama hakuwahi kuisoma. Akamgeukia kijana, na kijana, bila kuitazama skrini wala kuiwasha, akautaja msimbo wote kwa kichwa: VIDEO_TDR_FAILURE. Mama akamtazama kidogo. Kisha akamwambia mdogo wake atampigia baadaye.

Hapo panahitaji maelezo kidogo, maana ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Kila kipande ndani ya kompyuta, kadi ya grafiki, kadi ya sauti, kifaa cha Wi-Fi, kina programu ndogo inayokifanya kielewane na Windows. Mafundi huiita draiva, na haina uhusiano na yule wa daladala. Ni mkalimani. Windows inasema lugha yake, kifaa kinasema yake, draiva inakaa katikati. Programu za kawaida kama gemu au ya kuandikia barua zikikosea, huanguka zenyewe na mambo mengine yanaendelea. Draiva nyingi hazina bahati hiyo, kwa sababu zinafanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa la mmoja linaweza kuharibu kumbukumbu za wote. Draiva ya namna hiyo ikikosea, Windows huamua kusimamisha kila kitu kabla hayajaharibika zaidi. Ile bluu (katika matoleo mapya ya Windows 11 imegeuzwa kuwa nyeusi) ni breki ya dharura, na msimbo ulioandikwa chini yake ni taarifa ya nini kilisababisha breki ikanyagwe. Watu wengi huizima kwa hofu bila kuusoma. Mzazi, ukiikuta, ipige picha kwa simu kwanza.

Msimbo alioutaja kijana unaihusu kadi ya grafiki. Windows huipa kadi hiyo kama sekunde 2 kuitikia, isipoitika huijaribu kuiamsha upya, isipoamka, bluu.

Na mtu asidhani haya ni ya vijana wenye kompyuta za kuunga peke yao. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilituma sasisho lenye kasoro kwa programu yake inayokaa kwenye kiini kilekile cha Windows. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilibaki chini, hospitali na benki zikasimama, skrini za bluu zikaning'inia kwenye viwanja vya ndege mabara kwa mabara. Kasoro yenyewe ilirekebishwa ndani ya muda mfupi, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka zilihitaji mtu aende kuzishika kwa mkono, moja moja, aziwashe katika hali salama na kufuta faili moja tu. Wataalamu wanaolipwa vizuri kabisa walifanya siku ile kile ambacho mama wa Tabata na mwanawe walikuwa wanakwenda kukifanya Alhamisi usiku. Tofauti ni kwamba wale walishajua kilichobadilika.

Mama alimtuma binti dukani, akamwita kijana uani wakaanue nguo. Wakaanua mashuka mawili bila kusema kitu.

"Mjomba wako anauliza tulibadilisha nini," mama akasema. "Mimi sijabadilisha kitu. Baba yako hajui hata inawashiwa wapi."

Kimya.

"Sijauliza ni nani. Nauliza ni nini."

"Nikisema, baba ataiuza."

"Baba yako niachie mimi. Wewe sema ulichofanya."

Ikatoka. Jumatatu usiku, umeme uliporudi, gemu lake jipya lilikuwa linakatakata. Akasoma mahali kwamba draiva ikiwa ya zamani gemu hukatika. Badala ya kwenda kwenye tovuti ya waliotengeneza kadi yenyewe, akapakua programu ya bure iliyojinadi kusasisha kila kitu kwa kubofya mara moja. Akabofya. Ikamaliza, ikamwambia awashe upya, akazima akalala. Asubuhi ndiyo bluu. Alijua tangu Jumanne kabla ya chai.

"Na jana baba yako anafungua lile boksi?"

"Nilikuwa najua."

Wapo wazazi ambao hapa wangeondoka na kandambili. Yule mama alikunja shuka la mwisho akamwambia aingie ndani akaandike kwenye karatasi kila alichokumbuka cha Jumatatu usiku, kwa mpangilio, kuanzia gemu hadi kulala. Kama ilikuwa busara au uchovu wa kuwaza kikoba, vyovyote vile, ilifanya kazi.

Baba alirudi saa moja na nusu. Mama alimpokea getini na kumweleza palepale, kabla hajavua viatu. Walisikika kwa ndani wakiongea kwa sauti ya chini.

"Elfu themanini na tano, mama."

"Najua."

"Kwa nini asiseme?"

"Ulimwambia utaiuza kwa kilo."

"Nilikuwa natania!"

"Yeye hakuambiwa kwamba ni utani."

Baba akakaa kwenye benchi la nje kwa muda mrefu. Alipoingia alimkuta kijana amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, karatasi mkononi.

"Kwa hiyo pawa saplai ya zamani ilikuwa nzima."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulijua."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Hakumjibu hilo la msamaha. Alitoa simu yake mfukoni akaiweka mezani. "Mpigieni mjomba wenu. Hii ina bando."

Kazi ikaanza. Mjomba alisomewa karatasi yote, akasema vizuri, sasa tunajua pa kushika. Kompyuta yenye Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida huacha kujaribu na kuleta ukurasa wa matengenezo. Humo kuna sehemu ya kutatua matatizo, ndani yake chaguo za ziada, ndani yake mipangilio ya kuwasha. Ukichagua hiyo, inajizima na kuwaka ikiwa na orodha yenye namba. Namba 4 ni hali salama. Katika hali salama Windows inaamka na draiva chache tu za lazima, nyingine zote inaziacha zimelala. Kama mgonjwa ni draiva ya grafiki, humo ndani haina nafasi ya kuangusha kitu.

Ila kabla ya kuwaruhusu, mashine ikaomba ufunguo. Tarakimu 48.

Hapo familia nyingi hukwama. Windows 11, hasa iliyopandikizwa karibuni kwa kutumia akaunti ya Microsoft, mara nyingi hufunga diski yote kwa fumbo ili mwizi akiiba kompyuta asisome kilichomo. Ni ulinzi mzuri mpaka siku mwenye nyumba anapojikuta nje. Ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika wakati wa kupandikiza. Kijana aliangalia chini. Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya mama, kwa sababu yake mwenyewe ilikuwa imemkatalia kwa ajili ya umri.

"Neno la siri la barua pepe yako unalikumbuka, dada?" sauti ya Mwanza ikauliza.

Alikuwa ameliandika nyuma ya kadi ya kliniki ya binti. Kadi ikatafutwa kwenye sanduku la vyeti. Mama akaingia kwenye akaunti kwa simu yake, ufunguo ukatokea: mafungu manane ya tarakimu sita. Akawa anasoma, kijana anaandika. "Nne, moja, sifuri..." Fungu la tano walikosea wakarudia. Baba alikuwa amesogeza kiti akifuatisha kwa kidole kwenye simu ya mama, akihakiki kama anavyohakiki mifuko ya saruji stoo.

Ikakubali. Skrini ikaja nyeusi, picha zimekuwa kubwa na mbaya, maandishi ya hali salama yakiwa pembeni. Binti akapiga makofi. Kijana akaingia kwenye orodha ya vifaa, akaifungua kadi ya grafiki. Kuna kitufe cha kurudisha draiva iliyotangulia. Kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki, maana ya zamani haikuhifadhiwa. Basi wakaiondoa kabisa, pamoja na tiki ya kufuta mafaili yake ili isijirudishe. Wakawasha upya. Nembo. Vidoa. Ukurasa wa neno la siri. Nyumba nzima ikapiga kelele.

Katika furaha hiyo hakuna aliyekumbuka kikoba. Kijana akawasha hotspoti ya simu yake ili apakue draiva sahihi kutoka kwa watengenezaji wa kadi. Wi-Fi ikashika. Haikupita dakika moja: bluu.

Mama alishika kichwa. Mjomba, ambaye alikuwa bado hewani, alikasirika kwa mara ya kwanza. "Mlipofika ndani mlitoa faili la dada?" Hakuna aliyejibu. "Ukiingia kwenye nyumba inayoungua unaanza na watoto, huanzi kupaka rangi! Haya. Msimbo unasemaje sasa?"

Safari hii aliyeusoma alikuwa baba, herufi kwa herufi: DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL.

"Si ule wa kwanza," mjomba akasema. Akatulia kidogo. Kwao mjomba na mpwa huitana jina moja, akamwita: "Mjomba."

"Naam, mjomba."

"Ile programu ilibadilisha draiva ngapi?"

Kwenye karatasi kijana alikuwa ameandika moja. Alimtazama baba yake, akaitazama karatasi. "Nne," akasema. "Ya grafiki, ya sauti, ya Wi-Fi na ya mazabodi. Niliona zimeorodheshwa."

Ni rahisi kumkasirikia mtoto anayekiri nusu. Lakini karibu kila mtu hukiri hivyo, wakubwa tukiwemo. Tunatoa ile robo inayoonekana tayari na kusubiri kuona itapokelewaje. Kama saa moja na nusu kabla yake robo ya kwanza ingepokelewa kwa kofi, zile tatu zingebaki zimefichwa, na kompyuta ingerudi kwa fundi akaipige Windows, na wanawake 28 wangekaa Jumapili wakibishana nani amekopa nini.

Baba alisema tu, "Ongeza kwenye karatasi."

Mara ya pili walikwenda kwa adabu. Hotspoti ikazimwa kabisa, kwa kuwa ni Wi-Fi iliyoiangusha. Wakaingia tena katika hali salama kwa namba 4, ile isiyogusa mtandao, na kabla ya jambo jingine lolote faili la kikoba likanakiliwa kwenye flashi. Mama akaichomoa, akaifunga kwenye ncha ya kanga. Hata usingizini, baba alitania baadaye, hakuifungua.

Kisha mjomba akawaelekeza kwenye njia ambayo wengi hawaijui. Windows inaweza kuweka alama za kurudia: kumbukumbu ya jinsi mfumo ulivyokuwa siku fulani. Si kompyuta zote zenye huduma hiyo imewashwa, na ni vyema mzazi aulize kama ya nyumbani kwake imewashwa leo, siyo siku ya msiba. Hii ilikuwa nayo. Ile programu ya bure, pamoja na uovu wake wote, ilikuwa imeweka alama Jumatatu saa tatu na dakika kumi usiku kabla ya kuanza kuvuruga. Kurudi kwenye alama hiyo hurudisha draiva na mipangilio, na huondoa programu zilizowekwa baadaye, lakini hakugusi barua, picha wala mahesabu ya mtu. Kijana alimweleza mama hilo mara mbili, na bado mama akaishika ile ncha ya kanga.

Ilichukua kama dakika ishirini na tano. Hakuna aliyekwenda kulala. Saa tano kasoro, nembo, vidoa, na ile picha ya Ziwa Victoria ambayo kijana huiweka nyuma ya skrini. Wakawasha Wi-Fi, wakasubiri. Baba akatazama saa yake ya mkononi dakika tano nzima. Haikuanguka.

Ile programu ya bure ilikuwa imetoweka yenyewe na mabadiliko yake. Kijana akapakua draiva ya grafiki kutoka kwa watengenezaji wa kadi, hiyo moja tu, akawasha upya, akaangalia siku nzima ya Ijumaa kabla ya kugusa kingine chochote. Gemu bado linakatika kidogo. Mjomba amemwambia kadi yake ni ya zamani kwa gemu lile na hakuna draiva itakayoibadilisha umri.

Jumapili kikoba kilivunjwa salama, mahesabu yakasomwa, na mwanachama mmoja aliyedhani amemaliza mkopo wake akaonyeshwa kuwa bado Sh30,000. Alinuna, akalipa.

Kuhusu Sh85,000, muuza duka wa Kariakoo alikataa kurudisha fedha kwa kitu kilichokwisha kufungwa. Baba alimpa kijana masharti: siku 17 za likizo atakwenda naye stoo kuhesabu mabati na kubeba mbao, Sh5,000 kwa siku, mpaka viatu na sare za mdogo wake vipatikane. Mama aliona ni nyingi. Kijana hakubisha. Wanaondoka pamoja saa kumi na mbili asubuhi, na wiki ya pili baba alianza kumuuliza njiani maswali kama RAM kazi yake nini hasa. Pawa saplai ya zamani imewekwa juu ya kabati ikiwa akiba. Lile neno la kuuza kwa kilo halijasikika tena, ingawa baba hajawahi kusema kwamba amelifuta.

Mama alinunua daftari dogo la Sh1,000 akalifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza ya kompyuta. Sheria ni moja: anayebadilisha chochote humo anaandika siku, saa na alichobadilisha, na kilichoandikwa humo hakigombwi. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wa kijana: draiva ya grafiki, alama ya kurudia imewekwa, nakala ya faili la mama kwenye flashi kila Ijumaa. Ukurasa wa tatu kuna mistari miwili kwa penseli, herufi kubwa zinazopanda mlima:

"Jumamosi saa nne. Nimefuta gemu moja la kaka kwa bahati mbaya. Yeye hajui bado."